Tajiri aliyeweza kuambiwa hapana

Kwa miaka kadhaa nililipwa ili niandike majina ya wenye pesa. Nilikuwa mtunzi wa nyimbo katika bendi ya dansi Dar es Salaam, enzi zile wimbo usiotaja mapedeshee ulihesabika haujaisha. Mwimbaji anaanza na mapenzi yake taratibu, gitaa la solo linapanda, kisha wimbo ukichemka rapa anaingia na orodha: fulani wa Sinza, fulani wa malori, fulani aliyeko Dubai kikazi. Kila jina lilikuwa na bei yake. Wenzetu wa Kinshasa, ambao desturi hiyo wanaiita mabanga, walikuwa wametuacha mbali; kule jina la mkubwa liliweza kusikika Brussels na Paris huku sisi bado tunabishana nani atangulie, wa malori au wa Dubai.

Kabla ya muziki nilipita seminari ndogo, na huko padre mmoja mzee alitukaririsha mashairi ya Kilatini ya Horatius, mshairi wa Roma ya kale, bila kutueleza sana yanahusu nini. Ode ya kwanza inaanza na jina la mtu: Maecenas, mzao wa wafalme wa kale. Tuliikariri kama litania. Baadaye sana, nimesimama nyuma ya jukwaa na karatasi ya majina mkononi, ndipo nikashtuka: kumbe yule naye alikuwa anataja! Nikavitafuta vitabu vyake. Satira za kwanza, epodi, ode za kwanza, barua za kwanza, kila kimoja kinamtaja Maecenas ndani ya mistari minne ya mwanzo. Rapa wetu hakuwa na haraka hiyo, na yeye alilipwa papo hapo.

Tangu siku hiyo namsoma Maecenas kama mtu anayetaka kuelewa yaliyompata kwa tajiri wake mwenyewe.

Gaius Maecenas alitoka Arretium, mji wa Waetruski ambao leo unaitwa Arezzo, kwenye ukoo uliokuwa na mali tangu zamani. Alizaliwa tarehe 13 Aprili, mwaka wenyewe ukikisiwa karibu na 70 KK. Alikuwa mtu wa karibu wa Octavianus, yule kijana aliyekuja kuitwa Augustus, kaizari wa kwanza wa Roma. Katika miaka ya vita vya Warumi kwa Warumi, yeye ndiye aliyetumwa kuzungumza pale wengine walipokwisha kuchomoa panga. Mwaka 40 KK alisimamia posa ya Octavianus kwa Scribonia, na mwaka huohuo alikuwamo katika kuwapatanisha Octavianus na Marcus Antonius pale Brundisium. Octavianus akienda vitani, Roma na Italia vilibaki mikononi mwa Maecenas. Na bado hakuwa na cheo. Hakutaka useneta. Alibaki katika daraja la equites, matajiri wa ngazi ya pili, mpaka kufa. Watu wa namna hiyo tunawajua: hawamo serikalini, lakini wenye serikali wanakula kwao.

Horatius alimjia akiwa hana kitu. Baba yake aliwahi kuwa mtumwa, akaachwa huru, akajinyima ili mtoto asome Roma na baadaye Athene. Huko Athene kijana akajiunga na jeshi la Brutus, adui wa Octavianus, akashindwa nalo pale Philippi mwaka 42 KK, akarudi Italia na kukuta shamba la baba limekwenda. Akatafuta kazi ya ukarani katika hazina ya serikali, jioni akiandika mashairi. Vergilius ndiye aliyemtaja kwanza mbele ya Maecenas, kisha Varius, mshairi mwingine, akaongezea. Siku ya kuonana, Horatius anasimulia mwenyewe, maneno yalimkatikia mdomoni. Akasema machache: hana ukoo wa kujivunia, hana mashamba ya kuzungukia kwa farasi. Maecenas naye akajibu kwa ufupi, kama ilivyokuwa tabia yake. Kisha kimya. Ulipofika mwezi wa tisa tangu siku hiyo ndipo akamwita tena na kumwambia awe miongoni mwa rafiki zake.

Nilipokuwa kijana niliona hayo ni maringo ya matajiri. Kumweka mtu miezi yote hiyo! Lakini tajiri wangu mimi alinipa chumba usiku uleule tuliojuana. Alikuwa amelewa kidogo, wimbo wangu ulikuwa umemtoa machozi, akaniita mezani: "Mtunzi, wewe unalala wapi?" Nikamwambia kwa shangazi, Mbagala. "Kuanzia leo unalala kwangu." Kesho yake nikahamia chumba cha uani, jirani na mlinzi, nikapewa na pikipiki. Hakuwa amesoma hata ubeti mmoja wangu kwenye karatasi. Hakujua mimi ni nani, na mimi sikujua yeye ananitaka wa nini. Tulikuja kujuana baadaye, tayari kila mmoja akiwa na madai kwa mwenzake. Ile miezi ya Maecenas naiona sasa kama adabu. Alimwacha mtu arudi kwenye ukarani wake, aendelee kula cha kwake, ili akiitwa awe na pa kubaki.

Na alipoitwa, kazi yake ilikuwa nini? Horatius anatania kwamba kwa karibu miaka minane aliyohesabiwa mtu wa nyumba ile, siri alizoaminiwa ni za kupanda gari la Maecenas safarini na kuulizwa: saa ngapi sasa? Yule mpiganaji wa mtindo wa Thracia atamweza Syrus? Baridi ya asubuhi imeanza kuuma, sivyo? Lakini mitaani hakuna aliyemwamini. Walimzonga: wewe unakaa na wakubwa, tuambie askari watapewa mashamba Sicilia au Italia? Mwombe Maecenas atie muhuri karatasi hizi. Akisema hajui kitu, wanamsifu kwa kutunza siri. Sehemu hii huwa nacheka peke yangu, maana vyeti nilivyopewa nimpelekee tajiri wangu vilijaa mfuko wa rambo. Nilikuwa sijui hata kama anajua kusoma barua ya maombi ya kazi. Mimi aliniuliza kama mvua itanyesha.

Kuna safari ya mwaka 37 KK ambayo Horatius aliiandikia shairi. Maecenas anakwenda Brundisium kwa shughuli za kusuluhisha wakubwa, na amewachukua washairi. Njiani wanafika Capua, nyumbu wanapumzishwa. Maecenas anakwenda kucheza mpira. Horatius na Vergilius wanakwenda kulala, mmoja macho yanamuuma, mwingine tumbo. Basi. Bosi anacheza, waajiriwa wamelala, na hakuna aliyeona ni kosa. Mimi nilikuwa siwezi kulala tajiri akiwa macho. Simu ilikuja saa nane za usiku: "Mtunzi, amka, kuna shemeji yako ana birthday, tunga kitu." Nikatunga. Shemeji huyo mwezi uliofuata hakuwa shemeji tena, nikaombwa nibadilishe jina, mizani ikagoma.

Zawadi kubwa aliyompa Horatius ilikuwa shamba katika milima ya Wasabini, karibu na mahali panapoitwa Licenza leo. Shamba la wastani, lenye bustani, chemchemi isiyokauka, na msitu kidogo juu yake. Horatius anasema ndicho alichokuwa akikiomba. Lilikuwa na familia tano za wapangaji, na watumwa wanane wakilima. Hapo kidogo nasimama. Mtoto wa mtu aliyewahi kumilikiwa anaimba uhuru wake wa kutunga, na jembe wameshika watu wanaomilikiwa naye. Yeye haoni ajabu. Hakuna Mrumi wa wakati wake aliyeona.

Shamba hilo ndilo lililoleta barua ninayoipenda kuliko maandishi yake yote. Horatius aliaga kwamba anakwenda shamba siku tano. Akapotea mwezi mzima wa Agosti. Inaonekana Maecenas alinung'unika, maana yeye alikuwa mgonjwagonjwa na alipenda kuzungukwa na watu wake. Jibu la Horatius linaanza kwa upole: ndiyo, nimekuwa mwongo. Lakini ukinitaka mzima, nipe ruhusa unayonipa nikiugua, maana Roma wakati huu wa joto ni homa na mazishi. Tena, theluji ikianguka nitashuka pwani nikajikunyate na vitabu vyangu. Utaniona pepo za masika zikivuma na mbayuwayu wa kwanza akirudi, kama utaniruhusu. Yaani ameambiwa amechelewa, anajibu kwamba bado atachelewa zaidi.

Halafu anaanza hadithi. Mtu wa Calabria anamkaribisha mgeni mapeasi. Kula. Nimeshiba. Basi beba. Ahsante, hapana. Wachukulie watoto. Nashukuru kama vile nimebeba mzigo mzima. Haya, utakayoyaacha watakula nguruwe leo. Maecenas, anasema Horatius, wewe hukunitajirisha kwa namna ile. Mjinga ndiye anayegawa asichokithamini. Ikafuata hadithi ya mbweha mwembamba aliyepenya kwenye pipa la nafaka, akala mpaka tumbo likajaa, akashindwa kutoka. Kicheche akampigia kelele kwa mbali: ukitaka kutoka, rudia wembamba ulioingia nao. Na papo hapo Horatius anageuza hadithi iwe yake: nikibanwa kwa mfano huo, narudisha vyote.

Narudisha vyote! Anamwambia mtu wa pili au wa tatu kwa nguvu katika dola ya Kirumi. Shamba, chemchemi, wapangaji, chukua.

Nilipofiwa na bibi yangu Songea, niliomba ruhusa ya kwenda kuzika. Nikapewa, na nauli juu. Lakini msiba wa kwetu haumalizwi kwa kutupa udongo. Kulikuwa na kikao cha ukoo, kulikuwa na mashamba ya bibi ya kugawana, na mimi ndiye mjukuu aliyejua kuandika. Nikapitiliza. Niliporudi nilikuta begi langu kwa mlinzi na kitasa kipya mlangoni. Mlinzi, mzee wa Kimakonde aliyenipenda, aliona haya kuliko mimi. "Mwanangu, nimeambiwa nikupe hili." Pikipiki ilikwisha kupewa mpiga kinanda. Sina chuki. Chumba kilikuwa chake, na hakuna siku aliyoniambia ni changu. Ila wakati ule ndipo nilipoelewa kwa nini barua ile ya Horatius imehifadhiwa na kuchapwa mbele ya watu: aliiweka mwenyewe katika kitabu ambacho ukurasa wake wa kwanza una jina la Maecenas. Tajiri alikubali kutajwa hata pale anapokataliwa, na shamba likabaki kwa mshairi.

Wengine pia walimkatalia. Propertius, mshairi wa mapenzi, aliombwa utenzi wa vita na wafalme. Akamjibu kwa ujanja ambao mtunzi yeyote angetamani kuwa nao: wewe unaweza kupata vyeo na unavikataa, unakaa kando, nami nafuata mfano wako, nakataa tenzi kubwa. Augustus mwenyewe alipotaka Horatius awe katibu wake wa barua, akamwandikia Maecenas kwa utani kwamba sasa aondoke kwenye meza yako ya kudoea aje kwenye hii ya kifalme. Horatius akakataa hata hiyo, na Augustus hakukasirika.

Sisemi Maecenas hakuagiza. Aliagiza. Vergilius katika utenzi wake wa ukulima anayataja maagizo ya Maecenas na kusema si mepesi. Lakini utenzi huo, wenye mistari elfu mbili na ushee, unasemekana ulimchukua miaka saba. Gawanya mwenyewe: haufiki mstari mmoja kwa siku. Mwaka 29 KK Octavianus, akirejea kutoka vitani na koo likimsumbua, alipumzika Atella, na Vergilius akamsomea kazi hiyo kwa siku nne. Sauti ya mshairi ikichoka, Maecenas alipokea na kuendelea kusoma. Sura hiyo huwa nashindwa kuiacha. Tajiri amelipia, amengoja miaka saba, kisha anashika karatasi na kusoma ya mwenzake mbele ya mkubwa wake. Wangu alikuwa akishika maikrofoni aimbe yake.

Maecenas naye aliandika, na aliandika vibaya. Vipande vilivyobaki vinaonyesha mtu aliyependa maneno yaliyopindapinda. Augustus alimcheka kwa mtindo wake, akauita vishungi vilivyolowa marashi. Seneca, aliyekuja baadaye, alimsema mpaka kwa mavazi, kanzu isiyofungwa mkanda hata alipokuwa akishika amri za mji. Lakini jicho la kutambua kazi ya mtu alikuwa nalo. Vergilius alikufa akiwa na karibu sestertii, sarafu za Kirumi, milioni 10 kutokana na ukarimu wa marafiki, wakati sharti la utajiri wa kuwa seneta chini ya Augustus lilikuwa milioni 1, pamoja na nyumba kwenye kilima cha Esquilinus, karibu na bustani za Maecenas.

Fedha hizo zote hata hivyo zina harufu, na sipendi wanaomsifu Maecenas bila kuisema. Baada ya Philippi, Octavianus alinyang'anya mashamba ya watu Italia ili awape askari wake. Eneo la kwao Vergilius, Mantua, liliguswa. Shamba la baba yake Horatius lilikwenda, na Horatius anasema waziwazi ni umaskini uliompa ujasiri wa kuanza kutunga. Miaka michache baadaye rafiki mkubwa wa Octavianus anampa shamba jingine. Mkono uliopokonya na uliotoa vilikuwa vya mwili mmoja. Je, Horatius alijua? Alijua. Alikuwa na akili kuliko sisi sote. Akashukuru, akatunga, na mara kwa mara akakumbusha kwamba aliwahi kuwa upande ulioshindwa.

Na huyo Maecenas alikuwa naye ana mkubwa wake. Siku moja Augustus alikuwa akihukumu watu na ilionekana atawaua wengi. Maecenas alishindwa kupenya umati, akaandika kwenye kibao, akakirusha mapajani mwake: Simama sasa, mchinjaji! Augustus alisoma, akasimama, akaondoka bila kumhukumu mtu. Huo ndio urafiki ulipokuwa bado una nguvu. Baadaye shemeji yake, ndugu wa mkewe Terentia, alihusishwa na njama ya kumwua Augustus. Maecenas akamtajia mkewe siri kwamba njama imejulikana, na Augustus alilalamikia hilo. Kuhusu Terentia na Augustus mwenyewe watu walisema mengi. Seneca anatania kwamba Maecenas alioa mara elfu, ingawa mke alikuwa mmoja, kwa kugombana na kurudiana. Homa haikumwacha. Pliny, mwandishi mwingine wa Kirumi, anaandika kwamba miaka mitatu ya mwisho hakupata usingizi hata kidogo, maneno ambayo daktari hawezi kuyakubali, lakini aliyewahi kuishi uani kwa tajiri anaelewa taa ya chumbani inavyokaa imewashwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilifika Roma na kwaya ya parokia, kuhiji. Kutoka Basilika la Maria Mkuu kwenda Laterani unafuata barabara ya Merulana, na mahujaji wengi hupita wakisali rozari bila kugeuza shingo. Njiani, pembeni, kuna jengo la matofali lililozama chini ya usawa wa barabara. Ni ukumbi uliofukuliwa mwaka 1874, sehemu ya bustani za Maecenas. Ndani una ngazi za nusu duara na vishubaka vilivyochorwa miti na ndege, na inadhaniwa palikuwa mahali pa kulia chakula wakati wa joto, maji yakiteremka kwenye ngazi. Kabla yake kilima kile kilikuwa makaburi ya fukara, Horatius anataja mifupa myeupe iliyotapakaa. Maecenas akafukia, akapanda bustani juu yake. Mlango ulikuwa umefungwa, huingii bila miadi. Mwenyekiti wa kwaya akaniita: "Mwalimu, tunakuacha!" Nikawafuata.

Alikufa mwaka 8 KK na kumrithisha Augustus. Katika maneno yake ya mwisho kwa Augustus aliandika: mkumbuke Horatius Flaccus kama unavyonikumbuka mimi. Kumkumbuka kwenyewe hakukuwa na muda, maana Horatius alimfuata mwaka huohuo, tarehe 27 Novemba, akazikwa karibu naye kule Esquilinus.

Bendi yetu ilikufa tajiri alipoyumba, vyombo vikauzwa, na mimi sasa nafundisha. Juzi alinijia kijana, mtunzi mzuri, ameahidiwa na mfanyabiashara mmoja nyumba na mshahara ili amwandikie nyimbo. Nikamsimulia mwisho wa ile barua ya Horatius. Kulikuwa na mnadi aliyeitwa Volteius Mena, mtu wa kipato kidogo na raha zake ndogo. Wakili tajiri, Philippus, akampenda, akamwalika chakula, akamchukua mashambani, akampa sestertii elfu saba na kumwahidi mkopo wa elfu saba nyingine ili anunue kishamba. Kondoo wakaibwa, mbuzi wakafa kwa ugonjwa, mavuno yakamdanganya, ng'ombe akafia kwenye jembe. Mena akapanda farasi usiku wa manane mpaka kwa Philippus, mchafu, nywele timutimu, akamwomba kwa miungu yake na kwa mkono wake wa kuume: nirudishe kwenye maisha yangu ya zamani.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Mwalimu," akasema, "zile elfu saba za kwanza zilikuwa zawadi, siyo mkopo?"

"Zawadi."

"Basi mimi nitachukua zile, mkopo nitamwachia."